Nilivyokwenda Mombasa Kufundisha Kuandika

Tangu nirudi, kila anayepita barazani kwangu Ujiji huniuliza swali lile lile: "Mzee Shabani, si ulisema unakwenda Mombasa kutoa mhadhara wa siku moja? Mbona umepotea hivyo?" Nimeeleza vipande vipande mpaka nimechoka, na kila nikifika katikati anaingia mwingine anataka nianze upya. Basi nimekaa niandike yote. Mwenye haja asome, nami ninywe chai yangu ikiwa bado moto.

Mambo ya tikiti, pasi na mihuri nayaruka. Hayana utamu. Jueni tu kwamba Mwalimu Kazungu, anayefundisha Kiswahili katika shule moja ya Tononoka, kisiwani Mombasa, alinialika nizungumze na wapenzi wa vitabu juu ya kazi ya kuandika. Katika mwaliko wake alinisifu sana, na mtu wa umri wangu akisifiwa hivyo haulizi njia ina urefu gani.

Nikatayarisha mhadhara wenye kanuni. Ile niliyoipenda kuliko zote ilisema kwamba mwandishi ndiye mwenye hadithi, na wahusika huenda anakowatuma. Mfano wangu ulikuwa Salimu, yule baharia wa kitabu changu mnachokijua, niliyemzamisha katika sura ya mwisho. Kifo kile kimenipa jina. Kimo katika mitihani. Niliazimia kuwaeleza watu wa Mombasa, hatua kwa hatua, namna nilivyokijenga.

Kigoma hadi Dodoma

Nafasi za kulala zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo mwandishi wenu mashuhuri alisafiri daraja la tatu, amebanwa kati ya dirisha na gunia la chumvi ya Uvinza. Mwenye gunia alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, jina lake Mama Havijawa, anayefanya biashara ya chumvi na mawese. Aliponiuliza kazi yangu nikamwambia ninatunga hadithi. Akanitazama kwa huruma, akanimegea muhogo.

"Hadithi hata mimi ninazo," akasema. "Sikiliza."

Akaanza kunisimulia habari za binamu yake aliyeolewa na wanaume wawili bila wao kujuana. Mmoja alikuwa dereva wa lori, mwingine mvuvi wa dagaa, na mwezi ukiandama mmoja hutoka na mwingine huingia. Hakupamba hata kidogo. Alisema tu nani kaingia, nani katoka, nini kilikuwa jikoni, na pale alipotaka kumeza muhogo alinyamaza kabisa, nasi sote wa viti vile tukawa tunamtazama shingo mpaka umshuke.

"Halafu?" tukauliza kwa pamoja.

Nimehudhuria semina za uandishi katika miji mingi. Hakuna profesa aliyewahi kunifundisha nguvu ya kunyamaza kama muhogo wa Mama Havijawa. Tulinunua asali Tabora hatukuionja. Tulifika Saranda, pale wanapouza kuku wa kukaanga, nikamnunua kuku mzima na kumpa yeye paja ili asikatishe. Lori likaharibika, yule dereva akarudi siku isiyo yake, mvuvi yumo ndani amejilaza, binamu anasikia mlango unagongwa. Hapo treni ikasimama Dodoma, na Mama Havijawa akasimama pia.

"Mimi nashukia hapa," akasema.

"Mama! Mlango nani alifungua?"

Alikwisha kumpa mpagazi gunia kupitia dirishani. Nikashuka nikamfuata mpaka mwisho wa jukwaa, kuku mkononi. Akacheka mpaka akaishika nguzo.

"Si umesema kazi yako ni kutunga? Basi malizia mwenyewe."

Filimbi ikalia, ikanibidi nikimbie. Tangu siku ile mlango ule unagongwa katika kichwa changu.

Gulwe

Mbele ya Gulwe mto ulikuwa umepanda juu ya reli, nasi tukakaa. Mvua za mwaka huu mnazikumbuka. Mwanzoni abiria walinuna, halafu wakazoea, halafu ukawa mtaa kamili. Palikuwa na mahali pa kufulia, palikuwa na kinyozi chini ya behewa la tatu. Kina mama wa Kigogo walitujia na ugali na mlenda, na maziwa ndani ya vibuyu. Mlenda ule ulinishinda kuushika. Niliufuata kwa kidole sahani nzima huku watoto wao wakinicheka waziwazi.

Nilitumia muda ule kuupiga msasa mhadhara wangu. Niliusoma kwa sauti nikiwa nimesimama kando ya reli. Ulikuwa mzuri. Kila sentensi ilikuwa imenyooka kama shati lililopigwa pasi. Mchungaji mmoja wa ng'ombe alisimama kwa mkuki wake akausikiliza mpaka mwisho, kisha akawauliza wenzangu kama mimi ni mgonjwa.

Dar hadi Horohoro

Maji yalipopungua tulisogea taratibu mpaka Dar, na kesho yake nikapanda basi la Mombasa. Mpaka Tanga safari ilikuwa laini. Kutoka Tanga kwenda mpakani ni vumbi na mashimo, ila mwaka huu vumbi lilikuwa tope.

Horohoro afisa kijana wa kike alilitazama jina langu katika pasi, akanitazama usoni, akalitazama tena.

"Wewe ndiye uliyeandika kile kitabu cha Salimu?"

Nikatabasamu tabasamu ninalolitumia kwa mambo hayo. "Ndiye mimi."

"Ulinifelisha," akasema. "'Eleza dhamira ya mwandishi katika kumuua Salimu.' Niliandika kurasa tatu. Wakanipa sifuri. Sasa umekuja mwenyewe, hebu nieleze. Dhamira yako ilikuwa nini?"

Nyuma yangu palikuwa na basi zima la watu wenye joto. Nikaanza kumweleza juu ya hatima ya mwanadamu na bahari. Akanisikiliza kalamu ikiwa kinywani, kisha akagonga muhuri.

"Na wewe ungepata sifuri," akasema. "Pita."

Abiria walicheka mpaka Lungalunga. Mimi pia nilicheka, lakini nilipogeuka dirishani nilijikuta nalirudia lile swali, na kila jibu nililojipa lilikuwa na harufu ya kitabu cha mtu mwingine.

Likoni hadi Kibokoni

Kivukoni, upande wa kisiwani, mtu mrefu mwembamba alikuwa ameinua kitabu juu ya kichwa ili nimtambue. Huyo ndiye Mwalimu Kazungu. Ni Mgiriama wa Kaloleni, Mkristo, mpole kupita kiasi, na Kiswahili chake ni cha kuonea wivu. Kitabu alichoinua kilikuwa changu, kimevishwa jalada la kipande cha leso.

"Pole sana, mzee. Tumeahirisha mara mbili. Watu bado wanakungoja kwa hamu."

Nikakichukua kitabu kwa mapenzi ya baba, nikakifungua. Kilikuwa kimechakaa vizuri, kwa kusomwa, si kwa kutupwa. Lakini kilikwisha ghafla. Merikebu ya Salimu inatoka bandarini, basi. Sura nzima ya mwisho haikuwapo.

"Kurasa ziling'oka zamani," akasema Kazungu. "Hiki kimepita mikono mingi Mji wa Kale. Ni cha Bi. Mwanasiti wa Kibokoni, atakayekukaribisha kwake. Nakala nyingine hapa haipatikani. Na, mzee..." Akasimama kabisa, watu wakawa wanatupita pande zote mbili na mizigo yao. "Nakuomba jambo. Usiutaje mwisho."

Akanieleza tukiwa tunatembea. Bi. Mwanasiti alikuwa na mwana, Athmani, aliyefanya kazi katika meli za mizigo. Miaka mingi iliyopita meli yake haikuonekana tena, wala mtu yeyote wa meli ile. Bi. Mwanasiti ni mjane, na kila baada ya sala ya alasiri majirani zake hupanda ghorofani kwake wakasomeana vitabu. Kitabu changu wamekisoma mara zisizo na idadi. Wakifika pale kurasa zinapokatika, yeye hukimalizia kwa mdomo, na kila mara humrudisha Salimu nyumbani. Mara anarudi na redio, mara na mke wa Kihabeshi, mara mikono mitupu lakini amenenepa.

"Mimi nilikisoma chuoni, naujua mwisho," akasema Kazungu. "Majirani wawili watatu nimewanong'oneza. Yeye hajui. Hatukuthubutu."

Nikafikiri juu ya mhadhara wangu, ambao ndani yake Salimu alikuwa amesimama katikati kama nguzo ya hema.

"Hakuna tabu," nikasema. "Nitalizunguka."

Nyumba ya Bi. Mwanasiti ilikuwa katika kichochoro chembamba, mlango wa nakshi, baraza za mawe pande mbili. Kazungu alienda kusalimiana na jirani, nami nikabaki mlangoni na sanduku langu, sikio likiwa bado limejaa ngurumo za basi. Sauti ya mwanamke ikatoka ndani:

"Ndoo! Ndoo, bwana, ndoo!"

Nikaangaza. Kweli palikuwa na ndoo kando ya mlango, imejaa maji. Nikaona labda ni haraka, pengine kuna moto jikoni. Nikaikamata nikakimbia nayo ndani, nikimwagia suruali yangu na mkeka wa watu, mpaka nikafika mbele ya bibi mfupi mwenye miwani mizito, ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi. Akaitazama ndoo. Akanitazama mimi.

"Nimekwambia ndoo," akasema polepole. "Ndoo, uje. Sikukwambia ulete maji."

Nimesoma mashairi ya Kimvita tangu ujana wangu. Najua vizuri kwamba 'njoo' kwao ni 'ndoo'. Lakini kukijua Kimvita kitabuni na kukisikia kikikuita mlangoni ni mambo mawili. Habari ile ilifika mtaa wa pili kabla sijakausha suruali, na siku zote nilizokaa Kibokoni wazee wa barazani waliniuliza kwa adabu kubwa kama nimelala salama na kama nahitaji ndoo.

Alinilisha samaki wa kupaka, wali wa nazi na achari ya embe iliyonitoa machozi. Hakuniuliza neno juu ya Salimu. Alinitazama tu nikila, kama mtu aliyeweka akiba ya swali.

Tononoka

Ukumbi wa shule ulijaa. Walikuja walimu, makarani wa bandarini, masheikhe wawili, wanafunzi wa zamani wa Kazungu, na mbele kabisa, safu nzima ya mabuibui, Bi. Mwanasiti na majirani zake.

Nilizunguka kama nilivyoahidi. Nikasema juu ya kusikiliza watu wanavyozungumza. Nikasema juu ya kufuta, kwamba sentensi unayoipenda mno uitilie shaka kwanza. Nikatoa habari ya Mama Havijawa na muhogo wake, ukumbi ukacheka, na watu wakakasirika kweli kwamba sijui nani alifungua mlango. Ile kanuni yangu ya mwandishi kuwa mwenye hadithi niliisoma haraka haraka, bila mfano. Kazungu, kando yangu, alianza kupumua.

Kisha yakaruhusiwa maswali. Bwana mmoja mwenye tai, wa kiti cha nyuma, akasimama na kusema kwa sauti safi:

"Mimi nataka kujua jambo moja tu. Kwa nini ulimuua Salimu?"

Safu ya mabuibui haikutikisika. Kisha Bi. Mwanasiti akainuka taratibu, akiushika mgongo wa kiti.

"Bwana Shabani," akasema. "Amekufa?"

Ningeweza kusema uongo. Uongo ndiyo kazi yangu. Lakini alikuwa ameniuliza kama mtu anavyouliza mlangoni pa hospitali.

"Amekufa, Bi. Mwanasiti."

"Vitabuni mwote? Si kwa huyu bwana peke yake?"

"Vitabuni mwote."

Akageuka. "Kazungu. Nawe wajua?"

Kazungu alikuwa anavitazama viatu vyake.

"Na wewe Fatma? Na wewe Mwanakombo?" Mabuibui mawili yakainamisha vichwa. "Kumbe ni mimi peke yangu," akasema. Hakulia. Alikuwa amekasirika, na hasira yake ilimnyoosha mgongo. "Mwaniona mimi mtoto. Mwadhani sijui kupambanua kitabu na mwanangu? Athmani ni Athmani. Salimu ni wa kitabu. Miaka yote hii nawatungia miisho, nanyi mwanisikiliza kwa kunihurumia!"

Akaketi, akavuta buibui lake, akanielekezea kidole.

"Haya. Umeulizwa swali. Jibu. Kwa nini ulimuua?"

Jibu nilikuwa nalo mkononi, limepigwa taipu: hadithi yenyewe ilidai. Nililitazama, nikakumbuka yule afisa wa Horohoro. Nikazikunja karatasi.

"Niliandika kurudi kwake mara nyingi," nikasema. "Namfikisha Salimu mpaka mlangoni. Anabisha. Mama anafungua. Halafu mama anapaswa kusema neno, na mimi sikulijua. Kila neno nililompa lilikuwa la bandia. Nilihangaika naye miezi. Mwishowe nikamzamisha kijana wa watu, nikapumzika. Sifa zilikuja baadaye."

Mtu mmoja akacheka, halafu wakacheka wengi. Bi. Mwanasiti hakucheka.

"Ndilo hilo tu?" akasema. "Si ungeuliza?"

"Ningemuuliza nani?"

"Mama yeyote! Angemwambia, 'Vua viatu, nimefagia.' Yangemtoka hayo kabla hajajua asemalo. Kulia ni baadaye."

"La, angemuuliza kama amekula," akasema Fatma.

"Angempiga kofi," akasema Mwanakombo, na sheikh mmoja akaunga mkono kwamba mamake mwenyewe alimpiga kofi aliporudi kutoka Hijazi akiwa amechelewa.

Basi mhadhara wangu ukaishia hapo. Waliobaki walibishana wao kwa wao, bwana mwenye tai akiwa mkali kuliko wote, na mimi nikaketi kwenye kiti cha mwanafunzi nikisikiliza. Mlinzi alipokuja kufunga ukumbi naye alisimama akatoa neno lake.

Kibokoni, jikoni

Nilidhani nitaondoka kesho yake. Asubuhi Bi. Mwanasiti akaniita jikoni, na safari hii sikubeba kitu.

"Hiyo sura ya mwisho unayo?"

Nilikuwa nayo, niliichukua ili niwasomee watu ukumbini.

"Nisomee."

Alikuwa anakanda unga wa mahamri. Nikamsomea kurasa zote nikiwa nimeketi juu ya kigoda, huku iliki ikinijaa puani. Dhoruba inapiga. Salimu anazama. Habari inamfikia mama yake aliyesimama ufukoni, mahali anapomngoja kila jioni. Nilipomaliza aliendelea kukanda.

"Dhoruba yako haina chumvi," akasema. "Wewe ni mtu wa ziwa. Umeandika bahari kama kitu cha kunywa."

Nikakubali. Mimi bahari niliiona ukubwani.

"Na huyo mama yuwafanya nini ufukoni?"

"Anamngoja mwanawe."

"Kila siku? Na kazi za nyumba zafanywa na nani?"

Yeye akageuza unga, akaupiga kofi.

"Siku walipokuja kwangu nilikuwa papa hapa," akasema. "Bwana kutoka kwa wakala wa meli, na mwenzake. Fatma akawapandisha. Wakasimama hapo mlangoni kofia mkononi, wakasema meli haionekani, inshallah kheri, lakini haionekani. Nami nina mahamri kwenye karai. Nikawaambia ahsanteni. Wakaondoka. Nikageuza yaliyomo, nikatoa, nikatia mengine. Nilikaanga mpaka unga ukaisha. Fatma yuwanishika mkono, yuwalia, 'Dada, wata kukaanga!' Niwate vipi? Mafuta yalikuwa moto. Unga ulikuwa umeumuka. Ningeuweka wapi?"

Akasukuma donge la kwanza, akalikata pembe.

"Yalikuwa mazuri, siku ile," akasema. "Nilikula moja. Sikumwambia mtu hilo."

Nikaikunja ile sura. Nikamwambia, "Bi. Mwanasiti, nakala yako haina mwisho. Nitakuandikia kwa mkono. Ukitaka, nitamrudisha Salimu. Atavua viatu mlangoni."

Akanitazama juu ya miwani.

"Usimrudishe. Zamani ungeweza. Sasa ukimrudisha utakuwa wanihurumia, na huruma za Kazungu zimenitosha. Muwate alipo. Huyo mama ndiye umtoe pale ufukoni, umtie ndani. Atapata mafua."

Hivyo ndivyo nilivyokaa, na hilo ndilo jibu la swali lenu. Kila asubuhi niliandika kwenye meza ya jikoni, na kila adhuhuri nikamsomea. Sijawahi kuwa na mhariri mkali vile. Nilipoandika kwamba moyo wa mama ulipasuka, akasema, "Uliuona?" Nikafuta. Nilipoandika kwamba moshi ulimtoa machozi na watu wakadhani analia, alitafakari kidogo. "Hapo umeremba," akasema. Nikafuta. Nilianza na kurasa nyingi. Kila siku zikapungua. Alasiri nilitembea Kibokoni, nikanywa kahawa chungu barazani, nikanunua viazi karai, nikajibu salamu za ndoo.

Mwalimu Kazungu alikuwa akija kila jioni akitoka shuleni, kuomba radhi. Bi. Mwanasiti alimkaribisha vizuri, akamuuliza habari za mkewe na wanawe mmoja mmoja, akamimina chai kwa kila mtu aliyeko isipokuwa yeye. Mwalimu alikaa na kikombe kitupu, akishukuru. Nilimhurumia mpaka nikamgawia yangu kwa siri, nikakamatwa, nami nikanyimwa siku iliyofuata.

Hatimaye sura ikakamilika. Tulizibandika kurasa zangu mwishoni mwa kitabu kwa gundi ya unga, na baada ya alasiri majirani wakapanda. Fatma ndiye msomaji wao. Alisoma merikebu ikitoka bandarini, akafunua ukurasa, sauti ikamtetemeka kuona mwandiko wangu. Wanaume wawili wanapanda ngazi. Mama ana karai motoni. Wanasema wanayosema. Mama anageuza mahamri, anatoa, anatia mengine.

Fatma alishindwa kuendelea. Mwanakombo akakipokea kitabu, naye akashindwa. Kazungu alitoka akisema anakwenda kuitazama baiskeli yake, ambayo siku hiyo hakuja nayo. Mimi nilikuwa natazama dari.

Bi. Mwanasiti akanyoosha mkono, akakichukua. Akakisogeza karibu na macho, 'mato' kama anavyosema mwenyewe, akasoma mistari iliyobaki kwa sauti yake ya kawaida mpaka nukta ya mwisho. Mama wa Salimu anakula moja, nalo ni zuri. Akafunga kitabu.

Kwa muda mrefu alilipapasa lile jalada la leso. Ndipo mabega yake yakaanza kutikisika, na Fatma akamkumbatia, na wote wakamzunguka, nami nikateremka ngazi niwaache. Nilimkuta Kazungu barazani. Tuliketi pamoja, tukisikia kilio kile juu yetu kikipanda na kushuka, kilio cha wanawake wengi, cha matanga kamili. Wapita njia walisimama wakauliza nani amefiwa.

"Bi. Mwanasiti," akasema Kazungu. "Mwanawe." Na wale waliokuwa wazee wa mtaa walielewa, wakaketi nasi kumsomea Athmani Fatiha.

Kabla ya magharibi dirisha la juu likafunguliwa.

"Kazungu!" Sauti ilikuwa imepwelea. "Ndoo unywe chai."

Makupa

Nilirudi kwa njia ya Nairobi na Mwanza, kwa kuwa reli yetu ilikuwa imefunikwa na maji tena. Bi. Mwanasiti aliniagia mlangoni. Hakusema maneno makubwa. Alinipa kikapu cha mahamri, akaniambia siku nyingine nikitaka kumuua mtu niulize kwanza.

Kazungu alikuja kuniaga Makupa, ambako basi lilisimama kupakia abiria wa mwisho kati ya malori na wauza machungwa. Alikuwa amechelewa, akaniomba radhi, kwani alipitia Kibokoni baada ya mimi kuondoka, akakawizwa.

"Wapo ghorofani tangu ulipotoka," akasema. "Hawakungoja hata alasiri. Wanasoma."

"Wanasoma kipi?"

"Chako, mzee. Wameanza ukurasa wa kwanza."

Nilishangaa. Kitabu wanakijua kwa moyo, na mwisho wameshaupata.

"Hata mimi nilimuuliza," akasema Kazungu. Dereva alikuwa amewasha injini, akalazimika kupaza sauti kupitia dirishani. "Anasema miaka yote alikuwa akimsoma Salimu huku akimngoja. Sasa anataka kumsoma tu, aone alikuwa mtu wa namna gani."